Game Boy kama sikwensa ya MIDI: dalili, vyanzo na namna ya kutatua

Game Boy ya kwanza, ile mashine ya michezo ya Nintendo ya kushika mkononi, nene na ya kijivu, iliyotoka Japani mwaka 1989, haina tundu la MIDI (lugha ambayo ala za kielektroniki hutumia kuelekezana) na haikuundwa kuongoza ala nyingine. Inaweza kazi hiyo kwa sababu ya vitu viwili vilivyokuja baadaye. Cha kwanza ni LSDj, programu ya kutungia muziki iliyoandikwa na Johan Kotlinski wa Sweden na kutoka mwaka 2000. Cha pili ni Arduinoboy, kazi ya Timothy Lamb anayejulikana pia kama trash80, ambayo hukaa kwenye bodi ndogo ya Arduino na kutafsiri kinachotoka kwenye tundu la kebo la Game Boy kiwe MIDI. Ukiviunganisha hivi viwili unakuwa na sikwensa, yaani kifaa kinachoziambia ala nyingine zicheze nini na lini, inayoingia mfukoni, inayotumia betri nne, na inayoweza kuongoza mashine ya ngoma na sintesaiza mezani.

Mwongozo huu ni wa yule ambaye tayari ameviunganisha na bado mambo hayaendi. Msimamo wangu ni mmoja: kabla hujawasha chuma cha kulehemu, jibu swali la nani anashika mapigo na nani anafuata. Sehemu kubwa ya matatizo ya mfumo huu hutokana na mashine mbili kutoelewana juu ya jambo hilo. Waya mbovu huja baadaye.

Kwanza gawa mfumo mara mbili

Ishara hupita njia hii: LSDj, kebo ya Game Boy, Arduinoboy, kebo ya MIDI, ala. Usianze kubadilisha vitu ovyo. Chomoa ala yako, kisha peleka kebo ya MIDI kwenye kompyuta kupitia kiunganishi cha USB, na ufungue programu ya kutazama ujumbe wa MIDI: MIDI-OX kwenye Windows, MIDI Monitor kwenye Mac, au amri ya aseqdump kwenye Linux. Bonyeza START kwenye Game Boy. Ujumbe ukionekana ukipita, nusu ya kwanza ni nzima na tatizo liko kwenye ala au mipangilio yake. Skrini ikibaki tupu, tatizo liko upande wa Game Boy na Arduinoboy.

Huna kompyuta karibu? Taa ndogo ya LED inatosha. Tazama tundu la MIDI la Arduinoboy kwa mbele: matundu matano yamepangwa nusu duara, na la katikati ni namba 2. Yaliyo pembeni yake, kushoto na kulia, ni 4 na 5. Chomeka mguu mrefu wa LED kwenye 4 na mfupi kwenye 5. Rezista za ohm 220 zilizo ndani ya saketi zinailinda taa. Muziki unapocheza, itamemeteka hafifu. Isipomemeteka, geuza miguu. Ikimemeteka baada ya kugeuza, umeshagundua kosa: pini 4 na 5 zimelehemiwa kinyume. Hili huwapata wengi kwa sababu michoro mingi huonyesha tundu kwa mbele, ilhali wewe unalehemu kwa nyuma.

Mashine ya ngoma inaanza na kusimama vizuri, lakini sintesaiza haitoi noti hata moja

Hapa hakuna kilichoharibika. Arduinoboy ina kazi kadhaa tofauti, na kitufe chake cha kuchagua kazi kinazungusha kati ya hizo huku taa zikionyesha uliyopo. Katika kazi ya LSDj kuongoza, kinachotoka kwa ajili ya ala nyingine ni mapigo ya saa pamoja na amri za kuanza na kusimama. Mashine ya ngoma inafurahi, kwa kuwa ina pateni zake yenyewe na ilikuwa inangoja mapigo tu. Sintesaiza isiyo na sikwensa yake haina cha kucheza.

Ukitaka LSDj itume noti zenyewe, unahitaji toleo maalumu la LSDj lililotengenezwa kwa ajili ya Arduinoboy, na Arduinoboy yenyewe iwe kwenye kazi ya MIDI OUT. Katika toleo hilo noti za MIDI huandikwa kwa amri kwenye safu ya amri za PHRASE (skrini ya kipande kifupi cha muziki chenye hatua 16): N kwa noti kamili, Q kwa noti inayohesabiwa kutoka kwenye ile ya chaneli husika, X kwa vidhibiti (namba zinazogeuza vifundo vya ala), na Y kwa kubadilisha sauti ya ala. Kuandika noti kwenye safu ya noti peke yake kutaifanya Game Boy ilie yenyewe, na kwenye kebo ya MIDI hakitatoka kitu.

Kuna wanaopakia mGB kwenye katriji (kisanduku cha programu kinachochomekwa kwenye Game Boy) wakitarajia sikwensa. mGB ni programu nzuri sana, lakini inafanya kinyume: inaigeuza Game Boy kuwa sintesaiza inayopokea MIDI, chaneli 1 hadi 4 kwa sauti zake nne na chaneli ya 5 kwa kuzichanganya. Haitungi wala haitumi.

Kimya pande zote

Fungua skrini ya PROJECT kwenye LSDj na utazame SYNC. Ikiwa imeandikwa OFF, hakuna kitakachotoka hata ukibadilisha kebo zote. LSDj ikiongoza, matoleo ya zamani huandika MASTER, mapya huandika LSDJ. Ikifuata mapigo ya nje, chagua MIDI. Kisha hakikisha kazi iliyowashwa kwenye Arduinoboy inalingana na ulichochagua hapo. LSDj ikifuata, bonyeza START kwenye Game Boy kwanza. Itakaa ikisubiri, na itaanza pale mashine inayoongoza itakapoanza. Wengi huona ule usubiri wakadhani imeganda, wakazima na kuwasha tena bila kuipa nafasi.

Mipangilio ikiwa sawa na kimya kinaendelea, shuku kebo ya Game Boy. Tundu lake lina pini sita: volti 5, data inayotoka, data inayoingia, pini moja isiyotuhusu hapa, saa, na ardhi. Arduinoboy inahitaji nne tu: data mbili, saa na ardhi. Wengi hununua kebo ya michezo, wanaikata katikati, kisha wanafuata rangi za waya walizoona kwenye mchoro wa mtu mwingine. Rangi hizo hazina uhakika wowote, kila mtengenezaji ana zake. Zaidi ya hapo, kebo yenyewe hupishanisha data, yaani waya unaotoka upande mmoja huingia upande wa pili. Kwa hiyo hata ndani ya kebo ile ile moja, waya wa rangi fulani una kazi moja kwenye kipande hiki na kazi tofauti kwenye kipande kile. Ukifuata rangi za kipande cha kushoto wakati unatumia cha kulia, Arduino itaona mapigo ya saa bila data, na utapata kimya au ujumbe usioeleweka.

Dawa ni mita. Iweke kwenye mlio wa kupima mwendelezo, gusa pini moja ya plagi kwa sindano nyembamba, na upande wa pili jaribu waya mmoja baada ya mwingine hadi ilie. Andika kwenye karatasi. Ukikuta waya uliounganishwa na pini ya volti 5, uzibe kwa utepe na usiufunge popote: Game Boy ina betri zake, Arduino ina umeme wake, na vyanzo viwili havipaswi kusukumana.

Angalia pia plagi. Ile ya Game Boy nene haingii kwenye Game Boy Pocket wala Color, ambazo tundu lao ni dogo zaidi. Na kama badala ya Arduino ya volti 5 umetumia Teensy LC au Teensy 4.0, usiunganishe moja kwa moja. Bodi hizo hutumia volti 3.3 na hazivumilii volti 5 za Game Boy, hivyo weka kibadilisha volti katikati.

Kama ala yako ina tundu dogo la milimita 3.5 badala ya la pini tano, jua kwamba adapta zake ziko za aina mbili, A na B, na tofauti yake ni kwamba nyaya mbili za ishara zimebadilishana mahali. Chama cha MIDI kiliidhinisha aina A mwaka 2018, lakini vifaa vingi vya B bado viko mikononi mwa watu. Adapta isiyo yake haiharibu kitu, ila hupati sauti.

Noti zinatoka, lakini si zile ulizoandika

Hii ndiyo dalili ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ukishaielewa unaielewa LSDj nzima. Umeandika N36 ukitaka kiki, ukasikia tari. Umeandika N38 ukitaka snea, ikalia kengele. N42 badala ya haihati imeleta timbali. Ukadhani mashine imepata wazimu.

Mashine ni nzima. LSDj huhesabu kwa heksadesimali, mfumo wa tarakimu kumi na sita, kutoka 0 hadi 9 kisha A hadi F. Vitabu vya ala huandika namba za kawaida. 36 ya LSDj ni mara tatu kumi na sita kujumlisha sita, yaani 54, na kwenye General MIDI, mpangilio wa namba za sauti unaofuatwa na ala nyingi, namba 54 ni tari. 38 inakuwa 56, kengele. 42 inakuwa 66, timbali ya chini. Ili upate kiki, yaani 36 ya kawaida, andika N24. Snea ni N26. Haihati iliyofungwa ni N2A. Do ya katikati ya kinanda, namba 60, ni N3C. Bandika namba hizi nyuma ya Game Boy kwa karatasi ndogo, utanishukuru.

Kumbuka pia kikomo. Amri hizi zinaishia 6F, kwa hiyo noti za juu kabisa za MIDI hazifikiki. Kwa vidhibiti, mpangilio wa mwanzo wa Arduinoboy hutumia tarakimu ya kwanza ya X kuchagua kidhibiti na ya pili kama thamani, kutoka 0 hadi F. Hiyo ina maana ngazi kumi na sita tu zilizonyooshwa zifike 127. Ukiufungua ufilta wa sintesaiza kwa X na kusikia unapanda kwa vidaraja, hilo si kosa. Unaweza kubadilisha mpangilio ili X nzima itumike kwa kidhibiti kimoja. Unapata ulaini na kupoteza wingi wa vidhibiti. Kwa ufilta wa besi mimi huchagua ulaini.

Noti sahihi kwenye ala isiyo sahihi ni suala la chaneli. Arduinoboy huanza ikiwa imepanga chaneli nne za Game Boy kwenda chaneli 1, 2, 3 na 4 za MIDI. Ngoma za General MIDI husikiliza chaneli ya 10. Badilisha upande mmoja, ama kwenye ala ama kwenye Arduinoboy.

Mwendo unateleza, au pateni zinakutana mahali pabaya

Tofautisha mambo mawili. La kwanza ni mwendo unaotetemeka, mara mbele mara nyuma, au unaokimbia mara mbili. Mara nyingi hapo kuna saa mbili: Arduinoboy inatuma mapigo, na programu ya studio au ala nyingine kwenye mnyororo huo huo nayo inatuma yake. Ni kama ngoma yenye waongozaji wawili, na wachezaji hawajui wamfuate yupi. Zima mapigo yanayotoka kwenye kila kifaa isipokuwa kimoja. Kwenye ala ndogo kama Korg volca, hakikisha chanzo cha saa kiko Auto na si Internal, la sivyo itafuata mwendo wake hata ukituma mapigo mazuri namna gani.

La pili ni la ndani zaidi. Mwendo ni thabiti, kila kipigo kiko mahali pake, lakini pateni ya LSDj na ya mashine ya ngoma zinaachana polepole. Hapo tazama skrini ya GROOVE.

MIDI hugawa kila pigo kuwa tiki 24. LSDj nayo huhesabu tiki, na GROOVE husema kila hatua inachukua tiki ngapi. Mpangilio wa mwanzo ni 6/6: hatua nne ni tiki 24, pigo moja kamili, na PHRASE yenye hatua 16 ni tiki 96, mapigo manne. Mashine ya ngoma yenye hatua 16 nayo hutumia tiki 96. Zinageuka pamoja. Sasa ukiweka 8/8 kwa ajili ya mwendo wa triplet, yaani pigo kugawanywa mara tatu, PHRASE inakuwa tiki 128. Mashine ya ngoma imeshageuka na kuanza upya wakati wewe bado uko hatua ya kumi na mbili. Ukiweka 5/5, tiki 80, unamaliza kabla yake. Kama unataka swingi bila kuachana, hakikisha namba mbili za GROOVE zinajumlisha 12: 7/5 kwa mtikisiko mdogo, 8/4 kwa mtikisiko mzito. Kama unaitaka kweli ile triplet, fupisha PHRASE kwa amri ya H iliyowekwa hatua inayofuata baada ya ile ya mwisho unayoitaka, ili ibaki na hatua 12: kumi na mbili mara nane ni 96.

Usilaumu kasi ya MIDI kabla ya hapo. Kebo hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, na ujumbe wa noti moja huchukua takriban milisekunde moja. Ukisikia kuchelewa kwa wazi kwa ngoma peke yake, angalia kiunganishi cha USB cha bei ya chini kama kimo njiani. Unganisha Arduinoboy moja kwa moja na ala, na usikilize tena.

Noti hazizimiki, au nyingine zinaruka

Sintesaiza yenye sauti ndefu ikiganda, ujumbe wa kuzima noti haukufika. Kwenye LSDj unazima kwa N00. Iandike mahali unapotaka noti ikome, hasa mwisho wa wimbo na kabla ya kubadilisha CHAIN (mfuatano wa PHRASE). Ukikatiza wimbo katikati na noti ikabaki, tuma kidhibiti namba 123, kinachozima noti zote, au zima na kuwasha ala.

Noti zikiruka bila mpangilio, na hasa wakati chaneli zote nne zinapotuma kwa pamoja, kuna muda wa kusubiri kati ya baiti unaoweza kurekebishwa kwenye mipangilio ya Arduinoboy. Uongeze kidogo kidogo. Ukizidisha utaanza kusikia noti zikija kwa mfululizo badala ya pamoja.

Arduino inakataa kupokea programu mpya

Kompyuta inatoa kosa la stk500_getsync na kuacha. Chanzo cha kawaida kwenye bodi za aina ya Uno: MIDI inatumia pini 0 na 1, na kompyuta nayo inazungumza na Arduino kupitia pini hizo hizo. Chomoa waya wa pini 0 unaotoka kwenye optokapla (kipande kinachopitisha ishara kwa mwanga), pakia, kisha urudishe. Ukitengeneza kisanduku kipya, weka swichi ndogo kwenye waya huo tangu mwanzo.

Game Boy inazima ghafla, Arduinoboy inakufa baada ya muda mfupi

Soma maandishi kwenye betri. Betri za bei rahisi zinazouzwa kwa ajili ya redio na tochi huandikwa R6, nazo ni za zinki na kaboni. Zikibebeshwa mzigo, volti hushuka haraka, na mzigo huongezeka sana kama Game Boy imewekewa taa ya nyuma ya skrini. Tafuta zilizoandikwa LR6, hizo ndizo alkalini. Za kuchaji za NiMH nazo zinafaa. Kama inazima unapoitikisa, safisha visahani vya betri, na kutu ya kijani ikwaruze kwa upole.

Arduinoboy ikizima yenyewe wakati inatumia pawabenki, pawabenki ndiyo iliyojizima. Nyingi hukata umeme zikiona kifaa kinavuta kidogo mno, na Arduino huvuta kidogo sana. Tafuta yenye hali ya mkondo mdogo, au unganisha kitu kingine kwenye tundu la pili.

Mvumo kwenye spika

Chomoa chaja ya kompyuta. Mvumo ukikoma, una mzunguko wa ardhi kati ya kompyuta, Arduino na mikisa. Ilishe Arduino kwa pawabenki badala ya USB ya kompyuta. Angalia pia tundu la MIDI la kupokea: pini 2 haipaswi kuungwa upande huo, ni upande wa kutuma pekee. Kebo ya MIDI iliundwa ili ishara ivuke kwa mwanga ndani ya optokapla bila ardhi za mashine mbili kugusana, na waya mmoja wa ziada unavunja kinga hiyo yote.

Nembo imekuwa mchemraba mweusi

Unapowasha, Game Boy hulinganisha nembo ya Nintendo iliyo kwenye katriji na ile iliyo ndani yake. Visipolingana, haiendelei. Nembo iliyovurugika au kipande cheusi maana yake katriji haisomeki. Pitisha pamba yenye spiriti kali kwenye meno ya katriji, iache ikauke, iingize na kuitoa mara chache. Usipulizie kwa mdomo, unyevu wa pumzi unaleta kutu.

Nyimbo zimepotea

LSDj huhifadhi kila kitu kwenye kumbukumbu ya kilobaiti 128 ndani ya katriji, na kwenye katriji nyingi kumbukumbu hiyo inashikiliwa na betri ya kitufe. Betri ikichoka, nyimbo zinaondoka zote kwa pamoja. Ukianza kuona wimbo mmoja una noti za ajabu usizoziandika, nakili faili la .sav kwenye kompyuta siku hiyo hiyo, kabla ya kubadilisha betri, kwa sababu kuitoa kwenyewe kunafuta.

Wimbo unaoufanyia kazi sasa hauko salama hadi uuhifadhi kwenye skrini ya mafaili, yenye nafasi 32. Na baadhi ya katriji za kadi ya SD huhamisha kumbukumbu kwenda kwenye kadi pale tu unapowasha tena. Kwa katriji za aina hiyo, ukimaliza kutunga, zima, washa tena, subiri menyu itokee, ndipo utoe kadi na kunakili.